Seli za kinga za ubongo na ngozi ya mtu

SWALI: Papa, mwalimu wetu alisema watafiti wanaotesha seli za kinga za ubongo katika labo, wakianzia na ngozi ya mtu. Ngozi na ubongo wapi na wapi? Nauliza kwa sababu nyanya amesahau hata jina langu.
Mwanafunzi wa uuguzi, Kadutu, Bukavu

JIBU: Pole sana, binti yangu.

Seli hizo ni mikroglia. Mhispania Pío del Río Hortega alizipa jina hilo mwaka 1919. Hula mabaki na vijidudu ubongoni, lakini asili yake si ubongo. Utotoni nilimwona mama akipasua yai lililoatamiwa siku tatu: nyuzi nyekundu zilikuwa zimetanda juu ya kiini, laini kama uzi wa buibui. Damu ya kwanza huanzia pale. Mimba ya binadamu nayo ina kifuko kinachofanana na kiini hicho, na seli tangulizi za mikroglia hutoka humo, zikahamia ubongoni ungali unaumbika. Kwa panya, jambo hilo lilithibitishwa mwaka 2010. Zile seli nyeupe ninazoziona kila siku kwenye darubini, nikitafuta malaria, hutoka kwenye uboho. Ni ukoo mwingine.

Sasa ngozi. Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha, 2006 kwa panya na 2007 kwa binadamu, kwamba jeni nne zinatosha kuirudisha seli ya ngozi katika hali ya seli shina, ambayo bado haijachagua kazi. Watafiti huipitisha njia ya kifukoni: kwanza iwe tangulizi ya damu, duara, inayoelea kwenye majimaji ya lishe. Kisha huongezewa protini kama IL-34 na M-CSF, katika joto la nyuzi 37, kwa wiki kadhaa. Huko umeme haupaswi kukatika!

Kinachonigusa zaidi ni hiki: zikikaa peke yake sahanini, hazikamiliki. Ziwekwe pamoja na nyuroni, yaani seli za neva, ndipo hutoa matawi membamba na kupapasa jirani zake, kama zifanyavyo ubongoni.

Hii bado si dawa ya nyanya. Inawasaidia watafiti kuotesha mikroglia za mtu mwenye kasoro ya jeni TREM2, inayoongeza hatari ya Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu, waone zinavyoshindwa kazi. Wewe mpeleke nyanya kwa daktari, apimwe tezi ya shingo na vitamini B12. Kusahau kunakotokana na hayo hutibika, hasa akiwahiwa.