Nina fasti klasi, nina CPA ya uhasibu, mbona bado naona sijafika?

Shangazi habari za kazi. Nina miaka 29, nimekulia kambini Jinja, mzee ni mwanajeshi. Mimi ni kuchu, yaani napenda wanaume wenzangu, na nyumbani hakuna anayejua. Toka P7 (darasa la saba) nilipopata agrigeti 4, alama ya juu kabisa, sijawahi kukubali kuwa wa pili, Makerere nikatoka na fasti klasi, sasa nina CPA, mama nimemuezekea nyumba, wadogo zangu nawalipia ada. Juzi ofisini hapa Kampala bosi kasifu ripoti yangu mbele ya watu wote, mi macho yako ukurasa wa 6, kuna sifuri moja imeruka. Nimeirudia mpaka saa tisa usiku na ilishapokelewa. Nina shida gani?
– Sifuri Moja

Mwanangu, hiyo sifuri hata mimi ingeniuma, ila ningelala. Barua yako nimeisoma mara mbili, vyeti vipo, mabati yapo, ada ipo, mtu wa kula naye rolex, ile chapati ya mayai, jioni mkacheka sijamuona. Mwaka 2013 watafiti John Pachankis na Mark Hatzenbuehler huko Marekani waliwalinganisha vijana wa kiume wa chuo, wakakuta wale wanaopenda wanaume wenzao wanapima thamani yao kwa masomo, sura na ushindani kuliko wengine, na aliyejificha miaka mingi zaidi ujanani ndo alizidi. Si ndo wewe huyo? Mtoto anajua kuna kitu wakikijua watamtupa, basi anaanza kulipa mapema, leo agrigeti kesho bati, ili siku hiyo ikifika waone haya kumfukuza. Sasa deni lenyewe hukukopa na risiti hakuna anayekuandikia, utamalizaje?

Sikwambii ukamwambie mzee, hapana. Sheria ya 2023 ya kupinga ushoga ipo na kifungo cha maisha kipo, Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta kile kipengele cha kulazimisha watu kuripoti lakini vingine karibu vyote ikaviacha. Tafuta mtu mmoja tu, rafiki anayekujua ulivyo, au mshauri ambaye wenzako walishamwendea wakarudi salama, na haya msiandikiane kwenye simu. Mwambie habari ya hiyo sifuri, uone kama atanyanyuka aondoke.

Halafu mzee si bado anapokea mshahara? Muhula ujao mwambie alipe nusu ya ada, uniandikie kasemaje.