Mdogo wangu anapanda minara ya simu, mama halali

SWALI: Shikamoo fundi. Mdogo wangu kapata kazi ya kupanda minara ya simu, kituo cha kwanza Mpanda. Mama ana hofu. Tumwambie nini?
Dada mtu, Morogoro

JIBU: Marahaba dada. Mama ana haki ya kuogopa. Mwulizeni kijana: mkanda wake una kamba ngapi? Lazima ziwe mbili, kila moja na ndoano yake. Unafungua moja wakati nyingine imeshika chuma, juu na chini vilevile. Mimi kila asubuhi naukagua mshono wa mkanda juani. Uzi ukifumuka, siuvai tena. Ngurumo ikisikika, hata kwa mbali, ashuke. Bosi akimharakisha kwa simu, asikubali. Na asisimame mbele ya antena inayorusha mawimbi. Aombe izimwe kwanza.

Ila mimi naiogopa zaidi barabara. Mmeshinda juani mnarani, kisha dereva anataka kukesha njiani ili mfike kituo kingine alfajiri. Hapana! Walale gesti iliyo karibu, hata kama kunguni wapo. Mama naye asimpigie mchana. Atapigiwa yeye, kijana akishafika chini na kuvua mkanda.