Msiseme "mtandao uko chini"

Jumatatu asubuhi kijana wa kibanda cha pesa za simu, cha pili kutoka kwangu, alimwambia mteja wake, "Nyabo (yaani mama, kwa Luganda), mtandao unasumbua, rudi baadaye kidogo." Dakika hiyo hiyo mimi nilikuwa nimemtolea mtu laki mbili kwenye mtandao huo huo. Nikamtazama usoni. Jasho limemtoka puani, simu kaibana kifuani, macho yanakimbilia barabarani. Nikajua amekosea namba.

Wadogo zangu, kwa ajili yake ndiyo nimekaa kuandika. Niko kwenye pesa za simu hapa Kisenyi, Kampala, karibu na stendi ya mabasi, tangu 2012. Kila Februari shule zikifunguliwa, matajiri, yaani wenye vibanda, huongeza watu, naona sura mpya vibandani na makosa yale yale. Nawapenda kweli, nyinyi ndio mnaonishikia kibanda nikienda kuswali. Lakini hili la Jumatatu lilinikosesha usingizi.

1. Jina likitokea kwenye simu, lisome kwa sauti, umsubiri mteja aseme "ndiye".

Mnajua jina hutokea kabla hujaweka pini. Mnajua, na bado mnabonyeza. Nami nilibonyeza.

Ilikuwa Februari 2015, wiki ya kwanza ya muhula. Alikuja mama mmoja aliyekuwa akiuza mandazi pale stendi, tunayesalimiana kila siku. Alifungua fundo la leso akatoa shilingi 780,000, karibu zote noti za elfu moja na elfu mbili, zile za kahawia na za buluu, zingine zimegandana kwa unga na kunuka mafuta ya kukaangia. Karo ya binti yake anayeingia kidato cha kwanza. Mtoto alikuwa Mbale kwa mjomba wake, na huyo mjomba ndiye angelipa benki kisha ampeleke shule.

Nilizihesabu zile noti mara mbili, nikizibandua moja moja. Foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika, mtu wa basi la Arua akawa anagonga mbao za kibanda kwa ufunguo. Hesabu ikatoka sawa. Nikamwambia mama, haya, taja namba.

Hapa mjini mtu hutaja namba kwa lugha tatu kwa pumzi moja. Anaanza kwa Kiswahili, katikati anaingia Luganda, anamalizia kwa Kiingereza. Yule mama alitaja sita, nane, halafu akasema "satu", yaani tatu ya Luganda, na honi ya basi ikapiga hapo hapo. Mimi nikasikia saba. Nikaandika saba.

Jina likatokea. Lilikuwa jina la mwanamke. Mama alikuwa ameniambia anamtumia kaka yake. Niliyaona yote mawili, nikajijibu mwenyewe moyoni: labda ni laini ya mke wake. Si mnajua watu wanavyotumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya wengine. Nikaweka pini. Pesa zikaenda.

Baada ya dakika tano kaka yake akapiga: hajaona kitu. Nikaangalia meseji, nikaangalia namba aliyonionyesha sasa kwenye simu yake, nikaiona ile saba. Miguu ikaisha nguvu. Na hapa ndipo kosa lenyewe lilipo, maana kukosea tarakimu humtokea kila mtu. Nilimtazama yule mama nikamwambia, "Mama, mtandao uko chini. Zitafika."

Akaniamini. Akaenda kukaa kwenye benchi la abiria na beseni lake tupu, akanisubiri.

Mimi nikaanza kuhangaika kimya kimya. Nikapiga ile namba, ikaita, mtu akapokea, nilipoanza kujieleza akakata. Nikapiga tena, imezimwa. Sikumwambia tajiri. Sikupiga kampuni ya simu, niliogopa wangemjulisha tajiri. Nilimtumia yule mwanamke nisiyemjua ujumbe wa kumwomba kwa jina la Mungu na la watoto wake. Nikaendelea kuhudumia wateja wengine huku mikono inatetemeka, na kila mama yule alipoinua macho, nilinyanyua simu juu kama ninayetafuta mtandao.

Nilikosea saa nne. Kampuni ya simu niliipigia saa sita. Yule wa huduma kwa wateja akafungua, akatazama, akaniambia pesa zimetolewa saa tano kasoro dakika kumi. Akaniuliza, "Mbona hukupiga mara moja? Tungezizuia." Dakika hamsini zile pesa zilikuwa zimelala kwenye laini ya mtu, zinaningoja nipige simu moja tu.

Nilipokwenda kwenye benchi kumwambia ukweli, mama hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Dada, kwa hiyo ulijua tangu nilipokuwa nimesimama pale?" Sikuweza kumjibu.

Kule Mbale binti alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la chuma, godoro limefungwa kamba, sare amevaa. Aliripoti shule wiki mbili baadaye. Tajiri alinikopesha laki nne, akawa anazikata kwenye komisheni. Niliuza televisheni. Mama yangu mzazi aliuza mbuzi wawili kijijini, na aliponikabidhi pesa aliniuliza, "Jina uliliona?" Nikasema nililiona. Akanyamaza, akaendelea kuchambua maharage. Deni nililimaliza Septemba.

Kwa hiyo mkikosea, semeni pale pale, mteja akiwa bado amesimama. Mwambieni, "Mama, nimekosea, napiga simu sasa hivi." Atakasirika, anaweza hata kukushika shati. Mwache ashike, wewe piga simu. Halafu mpigie tajiri.

Na namba msiiandike kwa kusikia. Mteja akuonyeshe kwenye simu yake au aiandike, uiingize kitabuni kwanza, ndipo uguse simu ya kazi.

2. Pesa hesabu mbele ya mteja, na hazitoki mkononi mwako mpaka meseji iingie kwenye simu yako wewe. Meseji ya kwenye simu yake si meseji.

3. Anayepiga akisema yeye ni wa kampuni ya simu na anataka ubonyeze kitu fulani, kata. Pini yako hata mkeo asiijue.

4. Floti, yaani pesa za tajiri zilizo kwenye laini ya kazi, si mshahara, na ndugu zenu waambieni mapema.

Mimi nilichelewa kuwaambia. Mdogo wangu wa Jinja alikuwa akipiga: "Dada, niwekee elfu hamsini, jioni narudisha." Jioni yake huwa ni wiki ya tatu. Kisha kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, ya binamu yetu, mama akasimama mbele ya wageni, kwa furaha kabisa, akanitambulisha kuwa mwanawe ana benki Kampala. Watu wakapiga vigelegele. Wiki mbili zilizofuata nilipigiwa simu na wajomba ambao sijawahi kuwaona. Mmoja aliniomba mkopo wa ng'ombe.

Sikuwa na moyo wa kumkosoa mama. Nilichofanya ni kuwa na laini yangu binafsi, yenye pesa zangu. Ndugu akipiga namwambia, natazama laini yangu. Ikiwa na kitu, namtumia kwa moyo mmoja. Ikiwa tupu, namwambia ni tupu, na ni kweli. Jioni tajiri akija, keshi na floti vikijumlishwa vinatoa mtaji wake, naondoka nikilala vizuri.

5. Msiache pesa zote zikae upande mmoja.

Wengi wenu hamkuwepo 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi, pesa za simu zilipozimwa nchi nzima. Nilikuwa na floti iliyojaa na keshi ya elfu themanini. Madereva wa Juba na Wakongo waliokwama stendi walinijia wakinionyesha salio zao, wana pesa na hawana chakula. Niligawa zile elfu themanini kwa kuandika kitabuni, elfu tano tano. Walipofungua mtandao walinirudishia wote isipokuwa mmoja, na huyo aliniletea samaki mkavu mwezi uliofuata.

6. Makato myataje kabla, si baada. Julai 2018 kodi ya serikali kwenye pesa za simu ilipoanza kwa asilimia 1, wazee walidhani sisi ndio tumewaibia. Novemba ikashuka hadi asilimia 0.5, kwenye kutoa pekee, na ndiyo tuliyonayo. Mtu akitoa milioni, mwambie kodi ni 5,000 na kuna ada ya kampuni juu yake, akubali, ndipo uendelee. Inachukua nusu dakika.

Nirudi kwa kijana wa Jumatatu. Nilifunga dirisha langu nikaingia kibandani kwake, nikamwambia mbele ya mteja, toa simu, piga sasa. Alilia kidogo. Akapiga. Zilikuwa 340,000, na zilizuiwa zikiwa bado kwenye laini ya mtu wa Hoima ambaye hakuwa hata ameiona meseji. Yule nyabo alimgombeza mpaka sauti ikamkauka, kisha akanunua soda mbili, moja akampa kijana. Tajiri wake alipokuja jioni kwa hasira nilimwomba asimfukuze.

Jumamosi nafunga saa kumi na moja. Anayetaka aje na kitabu chake, nitamwonyesha navyofunga hesabu zangu za siku. Waje na kalamu, zangu mnazichukua kila mara.