Maswali ya Wasomaji: Mwenzako Anapozidiwa na Mawazo

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha akina mama 22 hapa Kayole. Mapema mwaka huu mwenzetu mmoja aliacha kuhudhuria mikutano, michango yake ikaanza kuchelewa, nasi tukamtoza faini kama katiba yetu inavyoagiza. Baadaye dada yake alitueleza kwamba wakati huo wote alikuwa amejifungia nyumbani, halali wala hali, na kwamba alikuwa amefikia hatua ya kutaka kujitoa uhai. Tunamshukuru Mungu, yu hai na anatibiwa. Sasa tungependa kutenga sehemu ya akiba yetu tufundishwe huduma ya kwanza ya afya ya akili, lakini baadhi ya wanachama wanapinga. Wanasema hiyo ni kazi ya madaktari, na kwamba kumuuliza mtu habari za kifo ni kumtia wazo ambalo hakuwa nalo. Tufanyeje?
Katibu wa chama, Kayole

JIBU: Bi Katibu, poleni kwa yaliyowapata, na mpe mwenzenu salamu zetu. Nitaanza na pingamizi la pili, kwa kuwa ndilo linalofunga vinywa vya watu wengi. Si kweli kwamba ukimuuliza mtu aliyezidiwa kama anafikiria kujitoa uhai utakuwa umempandia wazo hilo. Watafiti wamelichunguza jambo hili mara nyingi, wala hawakuona kwamba swali lenyewe linaongeza hatari. Aghalabu anayeulizwa hupata nafuu, maana siri aliyokuwa akiibeba peke yake imepata wa kuisikia. Kinachodhuru ni namna ya kuuliza. Ukisema, "Usiniambie umeanza kuwaza upuuzi wa kujiua," hujauliza kitu, umemwamuru anyamaze. Uliza waziwazi na kwa upole: "Dada, mawazo haya yamewahi kukufikisha mahali pa kutaka kujitoa uhai?" Kisha subiri jibu, hata likichelewa. Akikubali, muulize kama ameshapanga namna au siku. Usimwache peke yake, ondoeni karibu naye vitu anavyoweza kujidhuru navyo, na mtafuteni mtu anayemwamini mfuatane naye hospitalini. Usimwahidi kwamba utaificha siri hiyo, kwa sababu hutaweza kuitimiza ahadi hiyo na kumsaidia kwa wakati mmoja.

Ama kuhusu madaktari, wenzenu wanasema kweli nusu. Anayefunga kidonda kwa kitambaa safi kando ya barabara hajawa daktari wa upasuaji. Amezuia damu tu mpaka mgonjwa afike kwa mwenye ujuzi. Kwa fikra hiyo hiyo, mwaka 2000 huko Australia, muuguzi Betty Kitchener, ambaye mwenyewe alikuwa ameugua ugonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, pamoja na mumewe Anthony Jorm, mtafiti wa afya ya akili, walianzisha mafunzo ya kuwapa raia wa kawaida huduma hii ya kwanza, na leo yanatolewa katika nchi nyingi. Mwanafunzi hufundishwa kumkaribia mtu na kupima kama yumo hatarini, kumsikiliza bila kumhukumu, kumpa faraja na maelezo sahihi, kumhimiza amwone mtaalamu, na kumsaidia kupata watu wengine wa kumtegemeza. Hafundishwi kuutaja ugonjwa, wala kutoa dawa, wala kuchimbua utoto wa mtu.

Katika hayo yote, gumu kuliko yote ni kusikiliza, na hapo naomba mniwie radhi nijitaje mwenyewe. Niliwahi kuketi katika mafunzo ya aina hii kwenye ukumbi wa kanisa upande wa Eastlands. Mkufunzi alitupanga wawili wawili, akataka mmoja aeleze jambo linalomsumbua kwa dakika 3 na mwenzake asiseme neno. Kabla ya dakika moja kwisha ukumbi mzima ulikuwa umejaa "pole", "hata mimi yalinipata", na "mwachie Mungu". Aliyekuwa mbele yangu, mama mmoja mshonaji, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kunieleza jinsi cherehani yake ilivyoibwa, nami nilikuwa nimeshamwelekeza mahali pa kupata nyingine kuukuu kule Gikomba. Mkufunzi aliinama pembeni yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Amekuomba cherehani?" Tulipoanza upya ndipo nilipofahamu kwamba kilichomuumiza mama yule hakikuwa cherehani, bali kwamba aliyeiiba alikuwa mwanawe.

Kwa hiyo mkitafuta mkufunzi, msivutwe na cheti kizuri. Muulizeni ni saa ngapi mtakazotumia kufanya mazoezi mkitazamana, na kama atafundisha kwa lugha mnayolilia. Watu wetu hawaji wakisema "nina sonona"; husema kichwa kimejaa, moyo ni mzito, usingizi umekataa, au wamechoka tu. Wazimbabwe walilijua hilo mapema. Daktari Dixon Chibanda alipoanzisha Benchi la Urafiki mtaani Mbare, Harare, mwaka 2006, aliwafundisha akina bibi wa mtaa huo kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, nao walitumia neno la Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ambalo kila mtu alilifahamu. Matokeo ya utafiti wa huduma hiyo yalichapishwa mwaka 2016, na waliohudumiwa na mabibi hao walionekana kupungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hata hapa kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wanawake wa pembezoni mwa Nairobi waliopitia ukatili ulionyesha kwamba wahudumu wa afya ya jamii wasio wataalamu wa akili, waliofundishwa na kusimamiwa vizuri, waliweza kuwapunguzia dhiki kwa vikao 5. Nasisitiza maneno "kusimamiwa vizuri." Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mwulizeni mkufunzi mtampeleka wapi mtu mtakayemtambua, na mkizidiwa ninyi wenyewe mtamwendea nani. Andikeni jina la kliniki iliyo karibu na nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu, isiyotozwa malipo, kwenye jalada la daftari la chama.

Na kwa kuwa tumelitaja daftari, hilo mnalotozea faini ndilo linaloona kwanza kuliko jirani yeyote. Mwanachama ambaye hajawahi kukosa akikosa mara 2 mfululizo, waende wawili anaopatana nao wakamjulie hali kabla ya faini kuandikwa. Wawili, si kamati nzima.

SWALI: Katika steji yetu ya bodaboda, Umoja, kuna mwenzetu anayesema anasikia sauti na kwamba kuna watu wanaomfuata. Vijana wanacheka, wengine wanataka kumfunga kamba tumpeleke Mathari. Je, ni sawa?
Mwenyekiti wa steji

JIBU: Hapana, Bwana Mwenyekiti. Kamba itamthibitishia kwamba kweli kuna watu wanaomwandama. Chagueni mtu mmoja anayemwamini, wengine warudi nyuma na wanyamaze. Huyo mmoja asimame kando, asimzibe njia, aseme polepole na kwa maneno machache. Asibishane na sauti hizo wala asijifanye anazisikia, inatosha kusema, "Mimi sizisikii, ila naona zinakutisha. Twende mahali tulivu." Iteni nduguze. Chunguzeni pia kama ameanguka na pikipiki hivi karibuni, kama ana homa, au kama ameacha pombe ghafla, kwa maana mambo hayo huweza kumvuruga mtu akili na huhitaji hospitali siku hiyo hiyo. Mkiona silaha au dalili kwamba mtu ataumizwa, kaeni mbali na mwite msaada.

Kuhusu Mathari, hospitali hiyo ya magonjwa ya akili iliyo kando ya barabara ya Thika imekuwapo tangu mwaka 1910, na katika muda huo wote tumeligeuza jina lake kuwa tusi la steji na la darasani. Ni hospitali. Lakini si lazima iwe mlango wa kwanza. Hospitali ya Kenyatta nako kuna idara ya afya ya akili, na kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kumpima na kumwandikia barua ya rufaa.

SWALI: Nikimpeleka hospitalini mtu aliyejaribu kujitoa uhai, si nitakuwa nimempeleka mahakamani?
Msomaji, Kawangware

JIBU: Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa, na watu wengi walifichwa nyumbani kwa sababu yake. Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mpeleke bila kukawia, na ukifika kwenye chumba cha dharura usiseme "ameanguka tu." Eleza alichotumia, kiasi gani na saa ngapi, na kama pakiti au chupa ipo, ibebe.