Mbwa ni makofi mawili: maswali ya wanaotungia watoto

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wanaotaka kuwatungia watoto wadogo, wale ambao bado wanasomewa. Kabla sijajibu, niseme tu kwamba nimesoma kila mlichonitumia kwa sauti. Mtoto wa miaka minne hakioni kitabu chako kwa macho tu, anakipokea kupitia mdomo wa mtu mzima aliyechoka na kazi za siku nzima.

Shikamoo mwalimu. Nafundisha chekechea Morogoro. Nimetunga wimbo unaoanza "Mbwa wangu anabweka". Mimi nahesabu mizani saba, mwenzangu anasema nane. Nani yuko sahihi?

Marahaba. Mwenzako. "Mbwa" ni mizani mbili, m-bwa, maana ile m ndiyo inayobeba mkazo, kwa hiyo inahesabiwa peke yake. "Mbuzi" nayo ni mbili tu, mbu-zi, kwa kuwa hapo m imejishikiza kwenye b. "Nchi" mbili, "nyumba" mbili, "mtoto" tatu. Ukichanganyikiwa, waambie watoto wapige makofi wakitamka polepole. Kwenye mbwa watapiga mawili bila kufundishwa na mtu.

Tena usijitwishe mshororo mzima wa mizani kumi na sita kama wa shairi la wakubwa. Kipande kimoja cha nane kinatosha pumzi ya mtoto:

Kuku wetu katoroka,
Kwenye kapu kajiweka,
Mama kaja kumsaka,
Yai pwa! limedondoka.

Kina ni kimoja, -ka, na "kumsaka" ni mizani nne, ku-m-sa-ka. Mara ya tatu ukiimba, utaona darasa zima linaisubiri ile "pwa!". "Katoroka" badala ya "ametoroka" haina tabu, wanaisikia nyumbani kila siku. Ila usimkate sungura akawa "sungu" ili mstari utoshe. Wakubwa wameruhusiana inkisari na mazida, yaani kufupisha neno au kulirefusha ili mizani itimie. Mtoto ndiyo kwanza analijua neno.

Lazima hadithi iwe na funzo mwishoni?

Hapana. Anayeandika "hadithi hii inatufundisha" ameshahama kwenye hadithi, yuko kwenye mtihani wa ufahamu.

Mimi ni nyanya wa wajukuu watatu, Mombasa. Hadithi nilizosimuliwa zina fisi wanaomeza watu na mazimwi yenye macho mgongoni. Binti yangu anasema nitawatia hofu. Niziache?

Usiziache, nyanya, ila angalia saa na pahali. Zimwi la jioni, mtoto akiwa kakukalia mapajani na taa inawaka, humchekesha huku limemtisha. Zimwi la kitabuni, lenye picha ukurasa mzima, humfuata kitandani. Ukisimulia kwa mdomo unamwona usoni, ukiona macho yamemtoka unaweza kumfanya fisi akajikwaa, akaanguka pu! Anayeandika hana nafasi hiyo. Kwa hiyo ukija kuziandika, acha fisi ameze, lakini atapike kabla kurasa hazijaisha.

Na usiuruke mlango. "Paukwa!" "Pakawa!" si pambo. Mtoto akiitikia anajua sasa tumeingia kwenye uongo, na mwisho ukifika tutatoka. Huku kwetu bara wengi tunaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea", kazi ni ileile.

Naishi Columbus, Ohio. Mwanangu wa miaka mitano anaelewa Kiswahili lakini ananijibu kwa Kiingereza. Hadithi zinaweza kusaidia?

Zinaweza, kama utampa kazi ndani yake. Tunga kisa ambamo kila mnyama anafika kwenye daraja anasema, "Nipishe nipite," na kobe aliyelala katikati anajibu, "Ng'o!" Wewe uwe wanyama, yeye awe kobe. Neno moja tu, tena la ukaidi, hakuna mtoto wa miaka mitano atakayelikataa. Akishazoea, mwongezee: "Ng'o! Sipishi!"

Jambo la pili ni ngeli, ambazo huko hazisikii mtaani. Hakuna haja ya kumfundisha. Mpotezee vitu vya jikoni. "Kile kijiko kidogo kimepotea. Ule upawa mrefu umepotea. Ile sufuria nyeusi ti imepotea." Yale ki-ki-ki yanajirudia yenyewe, huna hata haja ya kutafuta kina. Siku atakaposema "kijiko umepotea", usimsahihishe. Rudia tu sentensi yako kama ilivyo na mwendelee kutafuta.

Nimeandika hadithi ya watoto wa miaka mitano, kurasa 40 za daftari. Mhariri amenirudishia akisema ni ndefu. Nipunguze wapi?

Chukua karatasi nne za A4, zikunje katikati, piga pini mgongoni. Umepata kurasa 16, na ndiyo sababu vitabu vya pini huwa na kurasa 16, 24 au 32: karatasi ikikunjwa inazaa nne. Toa jalada la ndani na ukurasa wa hakimiliki, umebaki na kama 14. Sasa igawe hadithi yako humo, sentensi mbili au tatu kila ukurasa. Maelezo yote ya rangi ya kofia na ukubwa wa nyumba yafute, mchoraji atayamaliza. Swali kama "Nani anabisha hodi?" liweke chini ya ukurasa wa kulia, ili jibu liwe nyuma yake na mtoto mwenyewe adai ufunue.

Kisha kawasomee watoto usiowazaa, maana wa kwako watakuonea huruma. Mimi niliwahi kupeleka hadithi darasa la kwanza, nimeikata mpaka nikajisifu. Nilipofunga kitabu, kimya jii. Kisha mtoto mmoja wa nyuma akauliza, "Na yule mbuzi?" Nilikuwa nimemfunga mtini ukurasa wa pili, nikamsahau huko.