Mnaoniuliza kama huko Manchester wananilipa vizuri

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Tangu nifike likizo hapa Kirumba, Mwanza, kutoka kwenye huduma yangu ya wanafunzi huko Manchester, Uingereza, maswali ni mawili. Wazee wa kanisa wanauliza nimewarudisha Waingereza wangapi kwa Bwana. Vijana wa chuo pale Malimbe wao wananivuta pembeni: dada, wanalipa? Na sisi tupitie wapi?

Naanza na hela. Huduma nyingi za wanafunzi Uingereza hazina mfuko unaomsubiri mtumishi. Wachangiaji unawatafuta mwenyewe, makanisa na watu binafsi. Wanaahidi kiasi cha kila mwezi, na posho yako inatoka humo. Wakipungua, na wewe unapungukiwa. Wangu wengi ni washirika wa kanisa la kulekule, ila wapo na wa hapa nyumbani. Kuna mama mwuza dagaa pale Mwaloni anayenitumia elfu kumi kwa simu kila mwisho wa mwezi, na ujumbe wake ni uleule: "Mwanangu, nunua hata mkate." Elfu kumi kule haikupi sahani ya chakula hotelini. Lakini nikishika kitu dukani ambacho naweza kuishi bila hicho, namkumbuka yeye na beseni lake la dagaa, na mara nyingi nakirudisha. Mtu aujue uzito huo kabla hajasema ameitwa.

Viza nayo si ya kubahatisha. Lazima upate udhamini wa kanisa au shirika lenye leseni ya serikali yao, na ile ya mtumishi wa dini wa muda haizidi miaka miwili. Juu ya ada ya viza kuna mchango wa matibabu, pauni 1,035 kwa kila mwaka, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni tatu, na unalipa za miaka yote kabla hujapanda ndege. Mlio TAFES, umoja wa wanafunzi wa Kikristo wa vyuo hapa Tanzania, njia mnayo: TAFES iko ndani ya IFES, umoja wa kimataifa wa wanafunzi wa Kikristo ulioanzishwa 1947. Waulizeni viongozi wenu kwanza, msimtumie hela ya fomu mtu wa mtandaoni msiyemjua.

Wazee wangu, swali lenu linanigusa. Alexander Mackay, mmisheni kutoka Uskoti aliyetumwa na CMS, shirika la misheni la Kianglikana la Uingereza, alifia Usambiro, kusini mwa ziwa letu hili, mwaka 1890. Leo sensa ya 2021 ya England na Wales imekuta waliojiita Wakristo ni asilimia 46.2, chini ya nusu. Ndiyo maana mnapenda kusema tunawarudishia walichotuletea. Mimi silioni kama deni, na wengi ninaokaa nao si Waingereza hata kidogo. Ni watoto wa watu kutoka China, India, Nigeria, waliotumwa na ukoo mzima.

Kazi yenyewe iko hivi. Alhamisi jioni tunapika wali na maharage kwenye ukumbi wa kanisa karibu na Oxford Road, barabara yenye vyuo vikuu viwili. Anayetaka anakula na kuondoka. Anayetaka kubaki, tunasoma Biblia. Jioni moja tulikuwa Luka 15, mwana mpotevu. Binti mmoja Mchina, anasoma uhandisi na hakuwahi kushika Biblia, alisoma mpaka mwisho, akarudi nyuma, akaweka kidole kwenye mstari ambapo kaka mkubwa anakataa kuingia ndani. Akauliza: "Huyu asipoingia, na mdogo akiondoka tena, baba atatunzwa na nani?" Kumbe kwao yeye ni mtoto pekee. Baba yake anaumwa, na binti mwenyewe amekatazwa kurudi mpaka amalize shahada. Tulikaa naye mpaka mlinzi akaja na funguo. Hajaokoka. Bado anakuja kila Alhamisi, na namwombea kwa jina. Mkiniuliza wangapi, hesabu yangu ndiyo hiyo: watu wa namna yake, mmoja mmoja.

Mliyoyazoea UKWATA, ule umoja wa Kikristo wa wanafunzi wa shule, na vyuoni hapa, kupita chumba kwa chumba, mkesha wa Ijumaa na spika mpaka alfajiri, kule hayapo. Mabweni yamefungwa kwa kadi, na kumwekea mtu mikono bila kumwuliza kwanza ni kosa kubwa. Mwanzoni iliniuma. Sasa naona kuuliza ni heshima, na anayekubali anakuwa amekubali kweli.

Upweke upo, sitauficha. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Krismasi Waingereza wanakwenda kwao, bweni linabaki na wageni watupu, na jikoni unamkuta kijana wa watu anachemsha tambi peke yake. Siku hiyo tunawafungulia ukumbi tangu asubuhi. Ningelazimishwa kuacha huduma zote nibaki na moja, ningebaki na hiyo.

Narudi Septemba, wanafunzi wapya wanapoingia. Wiki mbili za kwanza ndizo mgeni anapochagua watu wake, na baada ya hapo kumpata ni shida. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto anayekwenda kusoma Manchester, awe wa kanisa letu au la, niletee namba yake kabla hajaondoka Mwanza. Nipo kanisani Jumapili zote mpaka nitakaposafiri.