Nataka Aulizwe

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza kama mahubiri ya hukumu ya mwisho yanawasaidia watu kuacha dhambi. Nitajibu kuhusu msibani tu, kwa kuwa huko ndiko yaliponigusa.

Sisi wa Mwanza tumezika wengi waliochukuliwa na ziwa. Apitaye makaburi ya Igoma, walikolazwa wahanga wa MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, hawezi kujua nani kati yao aliwahi kutubu.

Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi wa dagaa upande wa Igombe. Mtumbwi wao ulizama usiku wa giza, na mwili ulipatikana siku ya tatu. Kilichotangulia kufika ufukoni ni galoni la njano lililokatwa juu, la kuchotea maji, likiwa bado na kamba yake. Mama mdogo alilipakata muda wote wa ibada. Mhubiri mgeni alisimama chini ya turubai akasema kwamba marehemu alikuwa haonekani kanisani, kisha akatutaka tujiulize yuko wapi saa ile. Hakuna aliyetubu. Watoto wake wawili waliinuka, wakaenda kukaa nyuma ya nyumba, penye vichanja vya dagaa. Ndipo mzee wa kanisa alipoomba nafasi, akafungua 1 Wathesalonike 5:9, katika barua ambayo Paulo aliwaandikia watu waliokuwa wakiwalilia wafu wao, akasoma mara mbili, polepole, kwamba Mungu hakutuweka kwa ajili ya hasira bali tupate wokovu. Aliwaita wale watoto kwa majina, na hakuanza kuomba mpaka waliporudi kuketi.

Tangu siku ile nimeshikilia Yohana 3:17, kwamba Mwana hakutumwa kuuhukumu ulimwengu bali kuuokoa, na nilipoanza kuandika nilikusudia kusema mahubiri ya hukumu yakome kabisa. Lakini nimekumbuka jambo nililokuwa nimeliweka kando. Mtumbwi ule ulikuwa wa tajiri aliyeambiwa zaidi ya mara moja kwamba mbao za chini zimeoza, naye hata msibani hakufika. Tulipokwisha kuanua matanga nilimwambia mama mdogo kwamba Mungu ni mwenye huruma. Akanijibu, “Sitaki achomwe, mwanangu. Nataka aulizwe.”

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, hukumu ihubiriwe, ila wahubiriwe walio hai wenye mitumbwi mibovu, wala isihubiriwe mbele ya jeneza. Na hata hapo nasema kwa kusitasita, kwa sababu nimeirudia aya ya yule mzee usiku huu, nikakaa juu ya lile “tu” lililo ndani ya “hakutuweka”, na kila nikijaribu kumtoa tajiri humo nashindwa.